Mteja Asiye Binamu Yako: Jinsi ya Kupima Ujasiriamali kwa Wanafunzi wa Uhandisi

Mara nyingi katika ukurasa huu tunawaandikia wenye maduka, mama mboga, wahudumu wa bodaboda na wafugaji. Leo tunawaandikia wanafunzi wa uhandisi, wahadhiri wao, na yule mzazi ambaye mtoto wake amempigia simu akiomba "mtaji kidogo wa mradi wa chuo". Tuna kisa cha kusimulia, na kosa lililomo ni letu.

Tulialikwa na chuo kikuu kimoja hapa nchini tuwe majaji. Wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa nne walikuwa wanamaliza somo la ujasiriamali. Mhadhiri wao, mtu wa bidii kweli, alikuwa amechoka kusahihisha karatasi zilizojaa maana ya neno "mjasiriamali". Akawaambia wajigawe kwa makundi, watengeneze kitu, wakiuze kwa muhula mzima wa wiki 14, kisha waje mbele ya majaji. Tukaketi watatu, tukapewa karatasi ya alama. Safu kubwa kuliko zote ilikuwa imeandikwa: Mauzo.

Kundi la kwanza lilikuja na kengele ya tangi. Ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye tangi la maji juu ya nyumba. Maji yakikaribia kujaa, kinalia, nawe unazima pampu kabla maji na stima havijapotea bure. Walikuwa wameuza 14 kwa shilingi 1,500 kila kimoja, jumla shilingi 21,000. Walivaa tisheti za kundi, walikuwa na nembo, na grafu yao ilipanda vizuri.

Kundi la mwisho lilikuja na mashine ya kuangulia vifaranga, ya mayai 96, waliyokuwa wameiunda mwaka uliotangulia kama mradi wa darasa. Mashine walizouza: sifuri. Mapato ya muhula mzima: shilingi 1,190. Mmoja wao alianza kueleza habari ya mama fulani mfugaji na stima inayopotea, lakini dakika zao kumi zikaisha.

Unaweza kukisia tulichofanya. Kengele ikapata nafasi ya kwanza, tukapiga picha pamoja, tukawaambia vijana, "Endeleeni hivyo hivyo, hili ni wazo bora." Mashine ya vifaranga ikashika mkia.

Karatasi iliyoletwa baada ya miezi minne

Miezi minne baadaye kijana mmoja wa kundi la kengele alikuja ofisini kwetu. Alikuwa amechapisha taarifa ya miamala ya namba yao ya biashara, kurasa tano. Hakuja kulalamika. Alisema tu, "Naomba mnisaidie kusoma hii, maana sielewi tulikosea wapi."

Baada ya ushindi walikuwa wamechukua zile shilingi 21,000, wakaongeza 15,000, wakanunua vifaa vya kutengeneza kengele 40, kwa sababu kila moja iliwagharimu shilingi 900. Sehemu kubwa ya hizo 15,000 ilikuwa karo ya mwenzao. Kufikia siku hiyo walikuwa wameuza nne tu. Mwenzao hakuruhusiwa kufanya mitihani ya muhula kwa sababu ya deni la karo.

Tulimketisha, tukaweka kalamu tatu mezani. Tulimwomba arudi kwenye yale malipo 14 ya kwanza, ayapitie moja moja. Kijani kwa mtu ambaye hakuna mwanakundi aliyemjua kabla ya kumuuzia. Bluu kwa jamaa na marafiki. Nyekundu kwa wanakundi wenyewe. Alimjua kila mlipaji. Huyu ni shangazi. Huyu ni rumeti wangu. Huyu, akacheka kidogo, ni mimi.

Nyekundu zikawa tano. Bluu sita. Kijani tatu.

"Mbona siku ile hamkutuambia?" tukamuuliza.

"Hamkuuliza," akajibu kwa heshima. "Karatasi ilisema mauzo. Na nyinyi ndio mlisema ni wazo bora. Tukawaamini."

Hatukuwa na jibu. Vijana hawa hawakuwa wamedanganya mtu. Shangazi alituma pesa halisi, na risiti ipo. Walifanya anachofanya mwanafunzi yeyote mwerevu: walisoma kipimo, wakakitosheleza. Sisi ndio tulioleta kipimo kibovu. Kikawapa vijana imani ambayo soko halikuwa limewapa, na kikamgharimu mmoja wao muhula.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifikiria swali hili pamoja na mhadhiri wao: ukimfundisha mhandisi biashara, utajuaje kama amejifunza?

Kizuri hakijiuzi chenyewe

Mwanafunzi wa uhandisi amelelewa katika dunia yenye majibu. Boriti inabeba mzigo au haibebi. Saketi inawaka au haiwaki. Anaweza kufunga mlango wa maabara usiku, akapima, akajua ukweli bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo anaamini kwa moyo wote ile methali ya wahenga, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akikiboresha kifaa chake, watu watakuja.

Historia yetu inasema vingine. Mwaka 1986 Rais Moi alikipa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kuunda gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani Kasarani, na katika majaribio yaliweza kwenda kasi ya kilomita 120 kwa saa. Lakini pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na gari hilo halikufika sokoni. Wahandisi walikuwa wamejibu swali lao: je, linaweza kuundwa hapa? Swali la nani atanunua, kwa bei gani, vipuri vitatoka wapi na kiwanda kitajengwa kwa pesa za nani, hilo halijibiwi na injini.

Sasa tazama jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, ambalo huenda liko jikoni kwenu. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wabunifu wakiwemo Maxwell Kinyanjui, wakichota wazo kutoka majiko ya Thailand. Miundo ya mwanzo haikukaa hivyo ilivyokuwa. Ilirekebishwa kufuatana na maoni ya wapishi wenyewe, hasa vikundi vya akina mama, na kazi ya kuyatengeneza ikashikwa na mafundi wa jua kali. Leo fundi hahitaji ruzuku ya mtu ili aliuze.

Hata huduma ya pesa kwa simu tunayoishi nayo sote ilizaliwa kwa kusikiliza. M-Pesa ilipojaribiwa kuanzia Oktoba 2005, shabaha ilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana pesa, kulipana kibiashara, hata kuweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasibebe noti. Waliokuwa wakiisimamia wakaona, wakabadilisha mkazo. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mambo ya mitambo yalikuwa muhimu, lakini uamuzi mkubwa ulitoka kwa kuangalia watu wanafanya nini na pesa zao.

M-Kopa nao walianza kuuza mwaka 2012. Paneli ya sola na taa havikuwa vitu vipya. Kilichokuwa kipya ni namna ya kulipa: amana kidogo, kisha shilingi arobaini au hamsini kwa siku kupitia simu, karibu na kile ambacho familia ilikuwa ikitumia kwa mafuta ya taa. Lipa mdogo mdogo. Hiyo nayo ni kazi ya mhandisi, ingawa haikufundishwa kwenye maabara.

Ukiziweka hadithi hizi pamoja, unaona kitu cha kupima. Mwanafunzi aliyejifunza ujasiriamali ni yule anayeweza kutabiri mteja atafanya nini, akaenda kwa mteja asiye binamu yake, akaona amekosea, kisha akabadilisha kitu kwa sababu hiyo. Kiasi cha pesa alichorudi nacho ni habari ya pembeni.

Mtihani wa karatasi unapima nini?

Tusiwaonee wahadhiri. Somo la ujasiriamali limo katika vyuo vya kiufundi vya Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na limewafungua macho vijana wengi. Katika vyuo vikuu vingi, mtihani wa mwisho hubeba alama 70 na CAT alama 30. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili hana muda wa kuzunguka Gikomba na kila kundi.

Na kuna mambo ambayo karatasi huyapima sawasawa. Namna ya kusajili biashara, aina za kodi, tofauti ya mtaji na faida, kwa nini bidhaa fulani zinahitaji kibali cha ubora: hayo mtu anayajua au hayajui, na mtihani utakwambia.

Shida huanza pale karatasi inapopewa kazi isiyoiweza. Mpango wa biashara wa kurasa 40 unaweza kuandikwa usiku mmoja bila kuongea na mteja hata mmoja. Tumesoma mingi. Mauzo hupanda kila mwaka, washindani ni dhaifu siku zote, na mwaka wa tatu kuna tawi jipya Mombasa. Ukiupa mpango huo alama 80, umepima uandishi. Na ukiacha karatasi ukakimbilia kuhesabu mauzo, kama tulivyofanya sisi, umepima ukubwa wa ukoo.

Tulilokosa kusikia kwa kundi la mwisho

Tulimwomba mhadhiri atukutanishe tena na wale wa mashine ya vifaranga. Safari hii hatukuweka saa mezani.

Walikuwa wameanza kwa kuandika kwenye daftari: "Wafugaji kumi watanunua mashine kwa shilingi 18,000." Wakawatembelea wafugaji 19 wa kuku wa kienyeji kwa wiki sita. Hakuna aliyenunua. Wao, kama wahandisi, wakadhani tatizo ni joto. Mayai ya kuku yanahitaji takriban nyuzi 37.5 kwa siku 21, na mashine yao ilikuwa inayumba kidogo. Wakarekebisha kidhibiti joto, wakarudi. Bado hakuna aliyenunua.

Mama mmoja ndiye aliyewafungulia. Aliwaambia, "Wanangu, mashine yenu ni nzuri, lakini mimi nina mayai, sina elfu kumi na nane. Na hapa stima ikipotea usiku, nitafanyaje na mayai ya watu wazima? Chukueni mayai, mniletee vifaranga."

Wakaliandika neno kwa neno. Wiki iliyofuata waliiweka mashine kwenye duka la agroveti sokoni, ambalo mwenyewe alikuwa na inveta na betri. Wakaacha kuuza mashine, wakaanza kuuza uanguaji: shilingi 10 kwa kila yai unapolileta, na shilingi 10 nyingine kwa kila kifaranga kinachotoka. Yai lisipoangua, mfugaji halipii mara ya pili.

Mzunguko wa kwanza walipata mayai 70 kutoka kwa wafugaji watatu. Yakaangua 49. Kwa hiyo shilingi 700 na 490, jumla 1,190. Ndiyo ile pesa tuliyoicheka kimoyomoyo. Na kabla muhula haujaisha, yule mama alikuwa amerudi na trei nyingine ya mayai 30.

Kisha wakatuonyesha hesabu yao. Mashine iliwagharimu shilingi 11,400. Ilikula uniti 24 za stima kwa siku 21, ambazo waliziweka kwa shilingi 30 kila moja, yaani 720. Mzunguko wa mayai 70 uliwaachia 470. Kwa mwendo huo wangehitaji mizunguko 25 kurudisha pesa ya mashine, karibu mwaka na miezi mitano.

Wakajiuliza: tukiboresha nini kwanza? Fikra ya kihandisi ilisema, ongeza kiwango cha kuangua kutoka asilimia 70 hadi 80. Wakapiga hesabu. Ukijaza mashine kwa mayai 96, kwa kiwango kilekile cha asilimia 70, unabaki na 910. Ukipandisha kiwango hadi asilimia 80 juu ya hapo, unabaki na 1,010. Kujaza trei kunaongeza shilingi 440. Miezi ya kuboresha mashine inaongeza 100. Stima inayoliwa ni ileile.

Kwa hiyo wakaacha bisibisi chini kwa muda, wakaenda kutafuta mfugaji wa nne na wa tano. Kwa mashine iliyojaa, mizunguko 13 ingetosha, kama miezi tisa. Na walikuwa wakweli: hapo bado hawajamlipa mwenye duka, wala hawajajilipa wao wenyewe.

Hilo ndilo kundi tulilolipa alama za mwisho.

Karatasi mpya ya alama

Muhula uliofuata mhadhiri alitumia mwongozo mwingine wa kusahihisha, tulioutengeneza naye. Una sehemu nne, jumla alama 100. Mhadhiri yeyote anaweza kuuchukua na kuurekebisha.

1. Utabiri ulioandikwa kabla (alama 20). Katika wiki ya pili kila kundi linaandika, kwa tarehe na sahihi: nani atanunua, kwa bei gani, kwa nini, na ni jambo gani likitokea watajua wamekosea. Alama ni za uwazi wa utabiri. Ukikosea hupotezi kitu. Utabiri kama "watu wengi watapenda" hauna alama kwa sababu hauwezi kukosea.

2. Ushahidi wa soko (alama 30). Maneno ya wateja yaliyoandikwa kama walivyoyasema, na malipo yaliyogawanywa kwa rangi zile tatu. Malipo ya kijani ndiyo yanayohesabika. Mteja wa kijani aliyerudi mara ya pili ana uzito kuliko wateja watano wa mara moja. Na waliokataa wanahesabika pia, mradi umeandika walikataa kwa sababu gani.

3. Hesabu ya kitu kimoja (alama 20). Kengele moja au yai moja limegharimu nini, likiwemo gharama la kusafirisha, ada za miamala, vilivyoharibika, na saa zako za kazi? Ni kitu gani kikibadilika kidogo kinabadilisha faida zaidi?

4. Badiliko (alama 30). Ulibadilisha nini katikati ya muhula, na ni ushahidi upi uliokusukuma? Sehemu hii hupimwa kwa mazungumzo ya dakika nane, mwanafunzi mmoja mmoja, akiwa na daftari lake mkononi. Kundi zima haliwezi kujificha nyuma ya msemaji mmoja. Na mwanafunzi aliyeamua kuacha wazo lake kabisa anaweza kupata alama zote 30, kama sababu zake zimesimama.

Kuna sharti la tano lisilo na alama: mtaji una kikomo. Kila darasa likubaliane kiasi ambacho kundi haliwezi kukivuka, na karo au pesa za mkopo wa HELB zisiguswe. Somo la ujasiriamali halifai kumfungia mtu nje ya chumba cha mtihani.

Ili mhadhiri asilemewe, daftari lisainiwe kila wiki ya tatu, dakika tano kwa kundi. Hapo ndipo mafundisho yenyewe yanatokea. Mwanafunzi akiambiwa wiki ya sita kwamba malipo yake yote ni ya bluu, bado ana wiki nane za kutoka nje. Akiambiwa wiki ya 14, amechelewa.

Jinsi ya kutumia taarifa yako ya miamala kama daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wanafunzi, nusu ya daftari tayari iko kwenye simu. Fanyeni hivi:

- Tenganisheni pesa. Chukueni namba ya tili ya biashara, ile inayobandikwa ukutani dukani, kabla ya kuuza kitu cha kwanza. Pesa za biashara zikichanganyika na za chakula cha mchana, hakuna hesabu itakayosimama.
- Kila uuzaji upite hapo. Mteja akilipa noti, iandikeni siku hiyo hiyo. Duka la agroveti lilipokea noti nyingi, na kundi lile lilikuwa na daftari lililolingana na taarifa hadi shilingi ya mwisho.
- Pakeni rangi kila Ijumaa. Mkingoja mwisho wa muhula mtasahau nani alikuwa nani, na kila mtu ataanza kuonekana wa kijani.
- Andikeni ada. Ada ya kutoa au kutuma pesa inaonekana ndogo, lakini kwenye bidhaa ya shilingi 20 inaweza kumeza faida.
- Thibitisheni kwenye taarifa, si kwenye ujumbe. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa. Angalieni salio au orodha ya miamala kabla ya kukabidhi mzigo.
- Linden siri za watu. Namba ya siri haiandikwi kwenye daftari la kundi, wala haisemwi kwa mhadhiri wala kwa mtu anayejiita mhudumu wetu. Na kabla ya kuwasilisha ripoti, futeni majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda wao kama inavyokulinda wewe.

Jambo moja tuliweke wazi. Sisi hatumpi mhadhiri, mzazi wala jaji taarifa ya miamala ya mtu. Mwenye namba ndiye anayeiomba, na ndiye anayeamua nani aione.

Na kama kitu chako hakiuziki kwa wiki 14?

Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi atatuuliza: je, mimi ninayebuni daraja au mtambo wa kusafisha maji? Swali la haki. Hapo malipo hayawezi kuwa ushahidi. Lakini bado kuna kitu ambacho mgeni anaweza kukitoa na kinamgharimu: ruhusa ya kufanya majaribio kwenye kisima chake, siku nzima ya muda wa fundi wake, barua yenye masharti ya kununua, au amana ndogo. Sifa hazigharimu kitu. Mtu akisema "wazo zuri sana, kijana", mwulize anaweza kukupa nini wiki hii.

Pia si kila kitu kinafaa kujaribiwa kwa wateja. Kifaa cha stima kinachoweza kumchoma mtu kikaguliwe kwanza maabara na mwalimu. Ukweli wa soko hauchukui nafasi ya usalama.

Kengele zilienda wapi?

Tulirudi kwenye taarifa ya yule kijana, kwenye yale malipo matatu ya kijani. Tuliyatazama kwa makini zaidi. Yalitoka kwa watu wawili tu. Mmoja alinunua moja, na mwingine alinunua moja, kisha baada ya wiki tatu akanunua nyingine.

"Huyu aliyerudi ni nani?" tukamuuliza.

Akafikiria. "Ni keateka wa ploti fulani. Ana matangi kwenye majengo mawili. Yeye ndiye hugombezwa na landilodi maji yakimwagika." Akanyamaza kidogo. "Na yule mwingine pia ni keateka."

Muhula mzima walikuwa wamewauzia wenye nyumba za kuishi familia moja, kwa sababu ndio watu ambao shangazi anawajua. Mteja wao alikuwa amejitokeza mara tatu kwenye karatasi, lakini hakuna aliyemtafuta kwa sababu hakuna alama zilizomhusu.

Hatukumwambia kwamba hilo ni wazo bora. Tulimwambia aandike utabiri, aweke tarehe, aende kwa makeateka kumi asiowajua. Kufikia mwisho wa mwaka kundi lilikuwa limeuza 17 kati ya zile zilizobaki, na wa kijani walikuwa 15. Pesa hizo zilipunguza deni la karo la mwenzao, ingawa hazikulimaliza. Alirudi darasani muhula uliofuata, akiwa nyuma ya wenzake.

Kwa hiyo ukialikwa kuwa jaji, au ukiwa mzazi unayeonyeshwa grafu inayopanda, usianze na swali la wameuza ngapi. Waulize ni wangapi kati ya wanunuzi hawakuwajua kabla, ni nani amerudi, na wamebadilisha nini tangu walipoanza. Kisha omba kuona daftari.